GPS ya pikipiki ya safari: chagua mahali pa kuifunga kabla ya kuinunua

*"Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya safari ndefu ya silinda mbili, yenye kioo kirefu cha mbele, na plastiki zimeuzunguka usukani hadi nafasi ya kufunga kitu ni ndogo. Mwezi ujao naondoka kwa wiki tatu, sehemu lami na sehemu vumbi, na siku kadhaa nitakuwa mahali pasipo na mtandao. Kwa sasa natumia simu yangu kwenye holda ya kucha nne. Jua likiwa kali skrini inafifia, na imeshawahi kuzima yenyewe njiani. Rafiki yangu anasema mtetemo utaiua kamera. Mwingine anasema ninunue GPS halisi kwa kuwa inashika setilaiti nyingi kuliko simu, na wa tatu anasema hata hiyo haifanyi kazi bila intaneti. Ninunue ipi, niifunge wapi, na umeme niutoe wapi bila kuimaliza betri? Waya wa taa kubwa ya mbele uko karibu sana. Naweza kuunga hapo?"*

Pole na hiyo simu inayokuzimikia njiani. Umeanza kwa kuuliza ununue nini, lakini usumbufu wako wa sasa, yaani joto na mtetemo, chanzo chake ni mahali ulipoifunga simu na namna ulivyoifunga. Ukinunua kifaa kipya na kukiweka palepale, utakuwa umehamisha tatizo tu. Kwa hiyo nakushauri ugeuze mpangilio: kwanza tafuta mahali, pili panga njia ya umeme, halafu ndipo uchague kifaa kinachofaa hapo. Wengi hufanya kinyume chake, wakaishia na mashine ya bei kubwa inayoning'inia kwenye kishikio cha bei ya chini.

Kabla ya hapo tuondoe yale uliyoambiwa, maana mengine yana ukweli nusu.

Anayesema GPS haifanyi kazi bila intaneti amechanganya vitu viwili. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa chako hakitumi chochote kwenda huko, kinasikiliza tu. Kinapopata ishara za setilaiti nne au zaidi, kinalinganisha jinsi kila ishara ilivyochelewa kufika, na kutokana na hapo kinajua kilipo. Hakuna laini ya simu inayohusika, na simu yako inafanya hivyohivyo hata ukitoa kadi yake. Kinachohitaji intaneti ni ramani. Programu nyingi za simu huvuta vipande vya ramani kadiri unavyosogea, na mtandao ukikatika unabaki na nukta ya buluu juu ya karatasi tupu. Dawa yake ni kupakua ramani za eneo lote kabla ya kuondoka, kisha kuzima data na kujaribu kutafuta njia ya mahali unapopafahamu. Jaribu kweli, usiamini tu kwamba umepakua. Zipo programu zinazokuonyesha ramani bila mtandao lakini zinashindwa kukutafutia jina la mahali au kukupangia njia upya ukipotea.

Intaneti husaidia jambo jingine dogo: kuamka haraka. Simu yenye mtandao huletewa taarifa za mahali setilaiti zilipo kwa sekunde chache. Bila mtandao, taarifa hizo lazima zisikilizwe kutoka angani kwenyewe, na setilaiti huzungumza polepole mno, biti 50 kwa sekunde. Taarifa za setilaiti moja huchukua kama nusu dakika ikiwa anga ni wazi, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Ndiyo maana kifaa kilichokaa kabatini miezi mingi, au kilichosafirishwa mbali kikiwa kimezimwa, huonekana kama kimekufa kikiwashwa. Kitoe nje penye anga wazi, kiache kitulie, kisha ndiyo uondoke.

Na hilo la GPS halisi kushika setilaiti nyingi kuliko simu? Liliwahi kuwa na maana zamani. Simu za miaka hii husikiliza GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China kwa pamoja, na baadhi husikiliza masafa mawili kwa wakati mmoja. Simu nzuri na GPS nzuri zikikaa juu ya usukani penye anga wazi, hutaona tofauti ya usahihi. Ukiona mshale unazunguka ovyo ukiwa umesimama kwenye taa, usikilaumu kifaa: GPS hujua unaelekea wapi kwa sababu unasogea, na ukisimama hubaki dira ya ndani, ambayo sumaku ya holda huweza kuivuruga.

Rafiki yako wa kamera, yeye amesema kweli. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari rasmi kwamba mtetemo mkali, kama ule wa injini kubwa za pikipiki unaopita kwenye fremu na usukani, unaweza kudhoofisha kamera za iPhone, na hawashauri kuifunga simu kwenye pikipiki za aina hiyo. Sababu ni kwamba lenzi ya kamera yenye kutuliza picha haijakazwa. Inaelea, ikishikiliwa na nguvu za sumaku ili isogee kinyume na mkono wako unapotikisika. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hutikisa mara 100 kwa sekunde, saa baada ya saa, na sehemu ile ndogo haikutengenezwa kwa maisha hayo. Simu za kampuni nyingine zenye lenzi ya namna hiyo hazina kinga ya pekee. Kipo kishikio chenye mipira ya kufyonza mtetemo, nacho husaidia kwa kweli, lakini kinapunguza tu. Simu unayoipenda kwa picha zake usiifunge kwenye usukani kwa wiki tatu.

Joto linahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu wewe mwenyewe unalichangia bila kujua. Apple huandika kwamba iPhone itumike penye joto la hewa kati ya nyuzi 0 na 35, na simu nyingine hazitofautiani sana na hapo. Sasa tazama simu yako ilipo: nyuma ya kioo kirefu kinachozuia upepo, uso wake umeelekea jua, mwanga wa skrini uko juu kabisa, kichakataji kinapiga hesabu za ramani, na betri inachajiwa. Kuchaji peke yake huzalisha joto, na kuchaji bila waya huzalisha zaidi. Simu ikifikia kiwango chake hupunguza mwanga, kisha hukataa chaji, kisha hujizima ili betri isiharibike. Haijaharibika, inajilinda. Kama utaendelea nayo, itoe kwenye kava nene, iondoe hapo nyuma ya kioo ambapo upepo haufiki, ichaji kwa waya, na ianze safari ikiwa imejaa ili isichajiwe sana mchana. Na kama unavaa miwani ya jua yenye kichujio cha kuondoa mng'ao, jaribu kuitazama skrini kwa pembe mbalimbali kabla hujanunua chochote. Baadhi ya skrini huwa nyeusi kabisa ukizitazama kwa miwani hiyo.

Sasa mahali. Ukienda kilomita 100 kwa saa unapita karibu mita 28 kila sekunde. Ukishusha macho kwenye tangi kwa sekunde mbili umeshapita zaidi ya mita 50 bila kuiona barabara. Kwa hiyo kifaa kinapaswa kuwa juu, karibu iwezekanavyo na mstari wa macho yako, ili mboni zisogee na shingo isiiname. Kwa pikipiki kama yako mahali bora ni juu ya dashibodi, nyuma ya kioo. Pikipiki nyingi za safari zina bomba jembamba pale lililowekwa na mtengenezaji, mara nyingi la milimita 12, au huuzwa kama nyongeza inayokaza kwenye chuma kinachobeba kioo. Narudia, kwenye chuma. Ukifunga kwenye plastiki peke yake, barabara ya vumbi itaichana ndani ya siku chache. Faida nyingine ya hapo ni kwamba kifaa hakigeuki na usukani, hivyo waya haukunjwikunjwi kila ukipiga kona. Hasara ni hiyohiyo uliyonayo sasa: upepo haufiki. Kwa simu hilo ni tatizo kubwa, kwa GPS iliyotengenezwa kwa pikipiki ni dogo. Unaona sasa kwa nini nimesema mahali huamua kifaa.

Kama huko juu hakuwezekani, usukani wenyewe unafaa. Pima unene wake kabla ya kuagiza: wa kawaida ni milimita 22, na ule mnene unaopatikana kwenye pikipiki nyingi za safari ni 28.6 pale katikati. Kama plastiki zimekunyima usukani, angalia shimo la katikati ya shina la usukani, kwani kwenye baadhi ya pikipiki liko wazi na kuna vishikio vinavyoingia humo na kutanuka. Watu hutumia pia bolti za kikopo cha mafuta ya klachi au breki. Ya klachi sina ugomvi nayo sana. Ya breki waachie wanaojua bolti hiyo inakazwa kwa nguvu kiasi gani.

Kuhusu kishikio, tafuta mfumo wa mpira wa chuma na mkono unaobana, ule ambao RAM Mounts waliueneza, wenye mpira wa inchi 1. Uzuri wake ni kwamba vipande hubadilishana. Ukibadilisha kifaa unabadilisha bamba la juu tu, na bamba nyingi hufuata mpangilio mmoja wa matundu manne, milimita 30 kwa 38. Chagua mkono mfupi kuliko yote inayokutosha, kwa sababu kila sentimita inayoongezeka hukuza mtetemo. Hiyo holda ya kucha nne inafaa mjini. Kwenye mawe ifunge na kamba ya usalama, tena kamba iende kwenye pikipiki, isiishie kwenye holda yenyewe.

Ukishaweka, kabla hujakaza kabisa, keti kwenye pikipiki na ugeuze usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Je, kinagusa tangi, kioo, au kidole chako kwenye klachi? Ufunguo unaingia? Taa za onyo zote zinaonekana, hasa ya oili na ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukipiga breki)? Kisha inama mbele kama unayerushwa, uone kifua chako kinakutana na nini. Ncha ngumu iliyokuelekea isibaki hapo. Na kama pikipiki yako ina mfuko wa hewa wa usalama, kama baadhi ya Honda Gold Wing, usiweke kitu chochote kwenye njia yake.

Tuje kwenye umeme. Waya wa taa kubwa: hapana. Kwanza, hitilafu kwenye kifaa cha starehe isiwe na uwezo wa kukuzimia taa usiku. Pili, pikipiki nyingi za kisasa husimamiwa na kompyuta zinazowasiliana kwa mfumo wa CAN, na kompyuta hiyo hujua kila saketi inapaswa kula mkondo kiasi gani. Ukiongeza mzigo usiotarajiwa, huwasha taa ya hitilafu au hukata saketi nzima. Anza kwa kutafuta plagi ya vifaa vya ziada. Watengenezaji wengi huificha chini ya kiti au nyuma ya dashibodi, ina fyuzi yake na huzimika na ufunguo. Ukiipata, kazi imekwisha.

Usipoipata, njia safi ni kutoka kwenye betri kupitia rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, ya ampea 3 hadi 5, ili waya ukichubuka popote mbele yake fyuzi ikatike kabla plastiki haijayeyuka. Miguu ya rilei imeandikwa namba: 30 hupokea umeme wa betri uliopita kwenye fyuzi, 87 huupeleka kwenye kifaa, 85 huenda hasi, na 86 huunganishwa na waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, kwa mfano wa taa ndogo ya nyuma. Waya huo haubebi mzigo wa kifaa, unaiamsha rilei tu kwa mkondo mdogo. Hata hivyo kwenye pikipiki ya CAN muulize fundi waya upi unaruhusiwa, maana hata huo mkondo mdogo kompyuta nyingine huukataa.

Ukiruka rilei na kuunga soketi ya USB moja kwa moja kwenye betri, ndipo betri inapokufa kimyakimya. Kigeuzi cha soketi hiyo, chenye kitaa chake kidogo cha bluu, kinaweza kula miliampea 20 hata bila simu. Hiyo ni karibu nusu ya ampea-saa kwa siku, na kwa betri ya ampea-saa 12, nusu yake imeondoka ndani ya wiki mbili ambazo pikipiki imeegeshwa. Upande wa pili, soketi dhaifu ya ampea 1 haitoshi simu yenye skrini kali na ramani, nayo itapungua chaji huku ikionyesha inachajiwa. Tafuta inayotoa 2 hadi 3.

Viungo vya waya bana kwa koleo na teminali, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Risasi ya kuunganishia inaufanya waya uwe mgumu, na mtetemo huukata palepale ugumu unapoishia. Pitisha waya mbali na koili za moto wa plagi, uache ulegevu kwenye shina la usukani, na karibu na kifaa uache ushuke kidogo chini kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Maji ndiyo yanayonifanya niwe upande wa GPS maalumu kwa safari kama yako. Watu huona alama ya kustahimili maji, IPX7 au IP68, na kutulia. Tarakimu 7 maana yake kifaa kilizamishwa kwenye maji yaliyotulia, mita 1 kwa dakika 30. Mvua ukiwa kwenye kasi ni maji yanayorushwa, na hiyo ni jaribio jingine, la tarakimu 5 na 6, ambalo kufaulu la 7 hakuhakikishi. Zaidi ya hapo, simu inayochajiwa ina waya kwenye tundu lake, maji yanaingia, nayo hukataa chaji ili isiungue. GPS ya pikipiki hukaa kwenye kitako chenye pini, bila tundu lililo wazi, na skrini yake hugusika kwa glavu. Tofauti ya kweli iko hapo.

Lakini nisiifanye GPS malaika. Vifaa hivi, viwe vya Garmin au TomTom, ni ghali, kutafuta jina la mahali ni kwa shida kuliko kwenye simu, hali ya foleni mara nyingi huiazima kwenye simu yako, na kusasisha ramani ni kazi ya jioni nzima. Njia ya kati ni simu ya pili, ya zamani, yenye kamera isiyo na lenzi inayoelea, ukaijaza ramani na kuifunga kwenye kasha zuri. Ikiharibika hutalia. Kuna pia skrini ndogo zinazoonyesha CarPlay au Android Auto, yaani mifumo ya kuonyesha programu za simu kwenye skrini nyingine, huku simu ikiwa mfukoni. Zinaiokoa simu na jua, mvua na mtetemo, ila akili yote bado iko kwenye simu, kwa hiyo ikiisha chaji skrini inakuwa pambo. Wala usiifungie simu hiyo kwenye sanduku la alumini la pembeni, haitasikia setilaiti.

Kwa nafasi uliyonayo, na vumbi na siku zisizo na mtandao, ningenunua GPS ya pikipiki ya inchi 5 hivi, kama unasafiri namna hii kila mwaka. Kama ni safari moja tu, simu ya pili inatosha, na fedha zinazobaki ziende kwenye kishikio na waya. Kwa vyovyote vile, simu yako kubwa ikae mfukoni ikiwa na ramani zilezile. Na ukipata sauti ndani ya helmeti kwa Bluetooth utajikuta huitazami skrini sana, jambo ambalo ni zuri kuliko skrini yoyote.

Utakapopanga njia nyumbani na kuihamisha kwa faili la GPX, yaani faili la kubebea njia kutoka kifaa kimoja hadi kingine, hamisha aina zote mbili: njia ya vituo na mstari wa nukta. Njia ya vituo ni orodha ya pointi tu, na kila kifaa huziunganisha kwa ramani na mipangilio yake, hivyo ulichokichora kikawa cha milimani kinaweza kugeuka kuwa barabara kuu. Mstari wa nukta haubadiliki. Ukiuonyesha chini ya njia ya vituo, utajua mara moja kifaa kinapoanza kukupeleka kwingine.

Ipeleke pikipiki kwa fundi wa umeme wa pikipiki, ana kwa ana, kama fyuzi inakatika zaidi ya mara moja, taa ya injini au ABS imewaka baada ya kuunga, au betri iliyochajiwa vizuri inasoma chini ya volti 12.4 baada ya kulala usiku mmoja. Fanya hivyo pia kama pikipiki iko ndani ya dhamana, kwani waya uliokatwa unaweza kuwa sababu ya kukunyima dhamana hiyo. Mwambie umeme umeutoa wapi, na mwombe akupimie mkondo unaovuja ufunguo ukiwa umetolewa. Kisha, wiki moja kabla ya kuondoka, endesha mchana mzima wa jua na kila kitu kikiwa kimewashwa, mwagia maji kidogo kwa bomba la kawaida bila shinikizo, na ukirudi pitia kila bolti kwa spana.